Maswali ya Wasomaji: Kuwafundisha Watoto Imani Jikoni, Mezani na Njiani

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtoto atafundishwaje imani nyumbani bila nyumba kugeuzwa darasa la Jumapili? Tumechagua saba. Msingi wetu ni Kumbukumbu la Torati 6:7, panapoagizwa kwamba maneno ya Mungu yanenwe kwa watoto “uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo.” Nyakati zote nne ni za shughuli za kila siku. Mzazi hahitaji kutafuta muda mpya. Anahitaji kuutumia vizuri ule alio nao tayari.

Bwana Yesu asifiwe. Kila jioni baada ya kula tunafanya ibada ya familia, lakini imekuwa vita. Mdogo anasinzia, mkubwa ananuna, na mume wangu akianza kuhubiri hamalizi chini ya nusu saa. Tuiache? — Mama wa watatu, Mbeya

Amina, mama. Msiiache. Ifupisheni, kisha mwihamishe.

Baada ya chakula tumbo limejaa, na mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shule hana tena nguvu za kusikiliza. Wekeni ibada kabla ya kula, chakula kikiwa tayari jikoni lakini hakijapakuliwa. Dakika kumi zinatosha: ubeti mmoja wa wimbo ambao watoto wanaujua, aya nane za Biblia, swali moja, sala ya sentensi moja kutoka kwa kila mtu, halafu Baba Yetu. Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16, ina matendo mengi na hotuba chache, na kwa aya nane kila jioni, jioni tano kwa wiki, mtaimaliza kwa muda wa miezi minne hivi. Familia nyingi huanza na Mathayo kwa sababu ndiyo ya kwanza katika Agano Jipya, zikakutana na orodha ya vizazi kwenye ukurasa wa kwanza, zikaishia hapo.

Swali ndilo linaloamua kama watoto watakuwa macho. Msiulize “Tumejifunza nini?” Mtoto wa miaka saba anajua jibu linalotakiwa, atasema “Tumpende Mungu” hata kama hakusikia neno. Ulizeni jambo lililomo ndani ya habari yenyewe. Katika Marko 2 watu wanne wanatoboa dari ili wamshushe mgonjwa aliyepooza mbele ya Yesu. Ulizeni: udongo ulimwangukia nani? Mwenye nyumba alijisikiaje? Nani alilitengeneza dari lile baadaye? Maandiko hayasemi, na hapo ndipo watoto wanapoanza kubishana, na wakibishana wameshaingia ndani ya nyumba ile. Baada ya hapo ndipo mtaona kwa pamoja kwamba Yesu hakumkemea mtu kwa ajili ya dari.

Kuhusu baba watoto: zungumza naye mkiwa wawili, kamwe si mbele ya watoto. Mwombe awe msomaji, na swali aliulize yeye. Wengi huhubiri kwa sababu wanadhani ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kufanya. Mkubwa apewe Ijumaa yake, achague wimbo na aongoze. Mdogo ashike tochi umeme ukikatika, na akilala aachwe alale. Wakatoliki wenye watoto wadogo wanaweza kusali fumbo moja la rozari badala ya yote matano. Na siku mkiikosa ibada, msiilipe kesho yake kwa kuisoma mara mbili. Ibada haina deni.

Mwalimu wa watoto kanisani alituambia tutumie kazi za jikoni kufundisha neno la Mungu. Nimejaribu, lakini kila nikianza kusema mistari binti yangu (8) anaondoka. Nakosea wapi? — Mama Neema, Dar es Salaam

Unatanguliza neno, kazi inafuata. Geuza. Mtoto aone kwanza kwa mikono yake, kisha aulizwe, na mstari uje mwishoni ukiwa mmoja tu.

Chukua maandazi, kwa sababu mfano wa chachu katika Mathayo 13:33 ni habari ya mwanamke aliyekuwa akikanda unga. Pima nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko vinne vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, iliki punje sita zilizopondwa, na hamira kavu kijiko kimoja cha chai. Binti ndiye apime hamira. Mwache aimimine kiganjani aone ilivyo kidogo, kama gramu tatu hivi, mbele ya bakuli zima la unga. Kabla ya kuiweka hamira, tengeni pembeni bonge dogo la unga ukubwa wa ndimu, likandwe kwa tui bila hamira, lifunikwe peke yake. Bonge hilo ndilo litakalofundisha kuliko maneno yako.

Tui la nazi liwe jepesi na la uvuguvugu, kama kikombe kimoja cha mililita 250 au zaidi kidogo, likimiminwa taratibu. Jaribu kwa kidole: likikuunguza, litaua hamira, na hapo ndipo maandazi mengi yanapoharibika. Likiwa baridi, hamira haifi ila inachelewa. Kama pakiti imekaa wazi kabatini, ijaribu kwanza ndani ya maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Dakika kumi zikipita bila povu, itupe. Kanda dakika kumi, funika kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa joto la Dar es Salaam saa moja inatosha. Njombe mwezi wa Julai, hesabu saa mbili au zaidi.

Sasa, mara tu baada ya kukanda, muulize: “Hamira iko wapi?” Atatafuta, hataiona. Usiseme kitu. Baada ya saa moja mrudie donge. Abonyeze kwa kidole: shimo likirudi polepole, tayari, likiruka mara moja, bado, lisiporudi kabisa, limepitiliza na maandazi yatanywa mafuta. Kaangeni yote pamoja na lile bonge la pembeni. Mafuta yapimwe kwa kipande kidogo cha donge: kikizama kisha kikapanda baada ya sekunde chache, ni sawa, kikiungua papo hapo, punguza moto, la sivyo nje patakuwa kahawia na ndani pabichi. Pasueni andazi moja na lile bonge lisilo na hamira, yawekwe sahani moja. Ndani ya andazi ataona vijitundu kila mahali, hadi pembeni kabisa. Bonge lile ni gumu kama jiwe.

Hapo ndipo usome mstari, kwamba mwanamke aliisitiri chachu ndani ya pishi tatu za unga “hata ukachacha wote pia.” Mwambie kipimo kile cha Wayahudi kilikuwa zaidi ya kilo ishirini za unga, mkate wa kulisha watu mia. Ufalme wa Mungu unafanya kazi pasipo kuonekana, na kazi yake haibaki upande mmoja wa donge. Kisha nyamaza, mle maandazi. Akiuliza, jibu. Asipouliza, mstari umeshakaa.

Tahadhari moja. Biblia inaitumia chachu pia kwa ubaya: Yesu anawaonya wanafunzi kuhusu chachu ya Mafarisayo (Mathayo 16:6), na Paulo anasema chachu kidogo hulichachua donge zima (1 Wakorintho 5:6). Usiyachanganye haya mawili siku moja. Yahifadhi kwa andazi la siku nyingine, binti akiwa mkubwa kidogo. Na usitafute fundisho katika kila sufuria. Mtoto akigundua kwamba kila anapoitwa jikoni kuna mahubiri, atakimbia jikoni.

Mwanangu wa miaka tisa alitumwa maziwa, akaficha chenji ya shilingi 50 na kusema imepotea. Nimepata ukweli kwa mwenye duka. Nimchape? — Baba, Nakuru

Hatukushauri kumchapa, na sababu yetu ni hii: fimbo inafunga hesabu mahali pasipofaa. Mtoto anahisi amelipa kwa maumivu, wakati pesa haijarudi na uongo haujatubiwa. Torati ina njia bora. Mambo ya Walawi 6:1-5 inamtaka aliyedhulumu arudishe kile kile, kisha aongeze sehemu ya tano. Kwa shilingi 50, sehemu ya tano ni 10. Mwanao anadaiwa 60.

Usianze kwa kumtega. Kama unajua, usiulize “Ulichukua?”, maana unamfungulia mlango wa uongo wa pili. Mwambie: “Mwenye duka ameniambia ilibaki shilingi 50. Nieleze ilikwenda wapi.” Akieleza, mweleze hesabu. Pesa apate kwa kazi ambazo si zake za kila siku: kuosha viatu vya watu wote, kupalilia mistari miwili ya sukuma wiki, kusafisha banda la kuku. Shilingi 10 kwa kazi moja, kazi sita, zikamilike ndani ya wiki mbili. Kutandika kitanda chake hakulipwi. Kila akipata 10, aiweke mwenyewe mkononi mwako.

Zakayo alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8), ambayo hapa ingekuwa shilingi 200. Usimtoze hiyo. Zakayo hakulazimishwa na mtu. Furaha ya kutembelewa na Yesu ndiyo iliyomfanya azidishe. Msomeeni habari hiyo mwishoni, deni likiwa limeisha.

Mambo manne huharibu mpango huu. Bibi akimwonea huruma akalipa. Mzazi akilitangaza kosa kwenye jumuiya au mbele ya wajomba. Mzazi akilirudia mwezi ujao mtoto anapokosea jambo jingine. Na mtoto kuitwa “mwizi”, jina ambalo linaweza kumkaa kuliko adhabu yoyote. Siku akikamilisha 60, mwambie yameisha, kisha wiki hiyo hiyo mtume tena dukani, na apewe noti kubwa yenye chenji. Msamaha atauelewa akiwa na noti hiyo mfukoni.

Nilimfokea mwanangu mbele ya rafiki zake kwa kosa ambalo baadaye niligundua hakulifanya. Mke wangu anasema nimwombe msamaha. Naogopa heshima yangu kama baba itashuka. — Msomaji, Dodoma

Mkeo yuko sahihi, na ufanye hivyo leo. Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu wetu haujatutoka, na sura ya 6 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Heshima ya baba haishuki kwa kukiri kosa. Inashuka pale watoto wanapojua kwamba baba anajua alikosea na ananyamaza.

Maneno yawe machache: “Nilikufokea mbele ya rafiki zako. Hukufanya kosa lile. Nilikosea. Nisamehe.” Neno “lakini” lisiwemo. “Nilikosea, lakini na wewe huwa…” ni shitaka jipya. Usimpe zawadi saa hiyo hiyo, kwa sababu itaonekana unanunua. Usimlazimishe ajibu “nimekusamehe”. Anaweza kuhitaji siku mbili. Na kwa kuwa ulimfokea mbele ya watu, watu wale wale wasikie. Rafiki zake wakija tena, sentensi moja inatosha: “Siku ile mwenzenu hakukosea, mimi ndiye niliyekosea.” Kuhusu toba, watoto hujifunza zaidi kwa kuiona ikifanywa na mtu mzima.

Mama mkwe alifariki mwezi uliopita. Mwanangu wa miaka sita anauliza kila siku, “Tuliomba, mbona Mungu hakumponya bibi?” Nimjibu nini? — Mama, Bukoba

Pole sana, mama, kwenu nyote.

Tuanze na yale ya kutosema, maana husemwa sana misibani. Usiseme “Mungu alimpenda zaidi akamchukua.” Mtoto wa miaka sita ataanza kuogopa kwamba Mungu anakupenda na wewe pia. Usiseme “Bibi amelala,” atakataa kulala, au atauliza ataamka lini. Na usiseme hamkuomba kwa imani ya kutosha; atabeba mzigo wa kifo ambacho hakukisababisha.

Sema yaliyo kweli kwa maneno mafupi: bibi alikuwa mgonjwa sana, mwili wake ukaacha kufanya kazi, akafa, haoni maumivu tena, yuko kwa Mungu, na tunaamini tutamwona tena siku ya ufufuo. Akiuliza kwa nini Mungu hakumponya, jibu “Sijui, na mimi pia ninamuuliza Mungu.” Hilo si jibu la mtu asiye na imani. Zaburi ya 13 inaanza na kilio hicho hicho: “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” Na kwenye msiba wa Lazaro, Yesu aliyejua kwamba atamfufua bado alilia (Yohana 11:35). Msomee hapo, aya moja hiyo.

Atauliza tena kesho, na keshokutwa, kwa maneno yale yale. Mjibu kwa maneno yale yale. Mtoto wa umri huo hurudia swali ili aone kama jibu limebadilika. Mpe pia kazi ya mikono: kumwagilia ua la bibi, kubeba kiti chake siku ya kusanyiko la familia, kutaja jina lake katika sala ya jioni.

Mume wangu haendi kanisani, ni mtu mwema lakini hataki habari za sala. Nawezaje kulea watoto katika imani peke yangu? — Mama, Moshi

Timotheo alilelewa katika nyumba ya namna hiyo. Baba yake alikuwa Mgiriki (Matendo 16:1), na Paulo anaitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5).

Usiwatume watoto wamwambie baba aende kanisani, na usiombe kwa sauti mbele yake kwamba Mungu ambadilishe. Yote mawili yanawafanya watoto wawe waamuzi wa baba yao, na amri ya kumheshimu baba haina sharti la kwamba awe msali. 1 Petro 3:1 inasema mume aweza kuvutwa pasipo neno, kwa mwenendo. Ibada iwe fupi, isicheleweshe chakula chake, na mema yake yatajwe katika sala ya shukrani kama mema mengine.

Dada yetu wa kazi ni Mwislamu. Je, tumwite kwenye ibada ya jioni, au tutakuwa tunamlazimisha? — Familia, Dar es Salaam

Mwalikeni mara moja, kwa upole. Akisema hapana, yaishe, na asipewe vyombo vya kuosha wakati ninyi mnaimba. Dakika hizo kumi ni zake pia. Mwezi wa Ramadhani, chakula chenu cha jioni kisimlazimishe kusimama jikoni saa ya kufuturu; sogezeni ratiba, au mpike ninyi.

Lakini watoto wenu wanaangalia zaidi ya ibada. Wanaangalia kama anakula chakula kile kile na kwa wakati gani, na kama anakaa kitini au kwenye kibao jikoni. Kumbukumbu la Torati 5:14 inaagiza siku ya mapumziko ili mtumishi wa kiume na wa kike wapumzike kama wewe mwenyewe. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa mwajiriwa kulala kwako hadi asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele mbele za Mungu. Mzazi anayetoa fungu la kumi Jumapili huku mshahara wa dada una wiki mbili haujalipwa anawafundisha watoto wake jambo ambalo hatalifuta kwa ibada mia.

Kwa hiyo chagueni tarehe, mshahara utoke siku hiyo kabla ya sadaka na kabla ya manunuzi yoyote. Andikeni kwenye daftari tarehe na kiasi, yeye asaini na ninyi msaini. Mshahara usipitishwe kwa mtoto kana kwamba ni zawadi. Akivunja sahani, msimkate mshahara. Hamkumkata mtoto wenu alipovunja ya kwake. Na siku yake ya mapumziko iandikwe kwenye kalenda ya ukutani ambapo kila mtu anaiona, watoto wagawane zamu: mmoja vyombo, mwingine kufagia, mkubwa ateke maji.